Kilomita 850 kutoka Dar hadi Mwanza

Ukipiga mstari mnyoofu kwenye ramani kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza, utapata kilomita 850 hivi, yaani maili za baharini 460. Mstari huo hukatiza kati ya Kondoa na Babati, mbali na barabara kuu inayozunguka kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga kwa zaidi ya kilomita 1,100. Ndege ya jeti ikishatulia angani hukimbia kilomita 830 hivi kwa saa. Msafiri akigawanya anapata saa moja na dakika chache, lakini ratiba humwambia kama saa moja na nusu. Wengi hudhani shirika limejiwekea akiba tu. Akiba ipo, ila dakika nyingi kati ya hizo zina kazi yake.

Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho Dar mpaka inaposimama kwenye maegesho Mwanza. Humo mna kujikokota ardhini, kungoja zamu ya kuruka, kupaa taratibu na kushuka. Kushuka peke yake ni safari. Marubani hukadiria maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka, na uwanja wa Mwanza uko karibu futi 3,760 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyo futi 34,000 huanza kuteremka zaidi ya kilomita 160 kabla ya kufika, ikiwa bado juu ya mkoa wa Simiyu.

Kisha kuna upepo, na hapa ndipo hesabu inaponoga. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Njia kuu ya kurukia ya Dar imelala kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki. Kaskazi inapovuma, ndege ya Mwanza huruka ikielekea kaskazini-mashariki, halafu ndiyo ikunje kushoto kuitafuta njia yake. Mwanza mambo ni tofauti: njia yake ya kutulia inakaribia kulingana na mstari wa safari kutoka Dar. Upepo ukitoka ziwani upande wa kaskazini-magharibi, rubani hunyoosha moja kwa moja hadi chini. Ukitoka kusini-mashariki, atapita, azungukie juu ya Ziwa Victoria na kurudi. Abiria anayeona maji dirishani mara mbili asiwe na hofu. Huo ni utaratibu wa kawaida.

Huko juu nako, upepo wa mashariki wa kilomita 40 kwa saa huisukuma ndege iendayo Mwanza na kuizuia irudiyo Dar. Tofauti ya njia hizo mbili ni kama dakika sita.

Aina ya ndege nayo ina uzito wake. Pangaboi kama ATR 72 huenda kilomita 500 na kidogo kwa saa, hivyo safari hii huweza kukaribia saa mbili. Lakini tofauti hiyo huonekana kwenye masafa marefu tu. Dar hadi Zanzibar ni kilomita 70 na ushei, na jeti haipati hata nafasi ya kufikia mwendo wake kabla ya kuanza kushuka.