Ndege Ileile, Jina Jingine

Mkazi wa Kambarage, mjini Shinyanga, akienda Mwanza kumpokea mwanawe uwanjani, macho yake huvutwa kwanza na nembo ya shirika. Lakini ubavuni mwa ndege pameandikwa jambo jingine: 5H, kistari, kisha herufi tatu. Watoto huuliza maana yake, na wazazi wengi hujibu kwamba hiyo ni namba ya ndege, kama ilivyo namba ya gari. Jibu hilo si baya, ila lina kasoro moja kubwa.

Gari lililosajiliwa hapa nchini likiuzwa kutoka Shinyanga hadi Geita, namba hubaki ileile. Linalobadilika ni jina la mwenyewe katika kadi. Ndege haiko hivyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliamua kwamba ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili, wala haiwezi kuwa raia wa nchi mbili kwa wakati mmoja. 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Kwa hiyo ndege ikihamia nchi nyingine, sharti ifutwe kwanza katika daftari la zamani, ndipo ipewe herufi mpya. Zile ilizoziacha huwa huru, na katika nchi nyingi zaweza baadaye kupewa ndege nyingine kabisa. Huko Marekani, namba iliyofutwa kwa kawaida hukaa miaka 5 kabla ya kugawiwa tena.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya makarani tu. Nchi ambayo herufi zake zimeandikwa ubavuni ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha kwamba ndege hiyo inafaa kuruka. Kwa zile za 5H, wajibu huo ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Tena mnunuzi wa ndege kuukuu akifuata herufi peke yake, huenda akasoma historia ya ndege nyingine iliyowahi kuzibeba, akaridhika, kumbe matengenezo anayoyasifu hayakufanywa katika ile anayoilipia. Kwa watu wa ukanda wetu, ambako mgodi wa almasi wa Mwadui na mgodi wa dhahabu wa Geita ina viwanja vyake vya ndege, hilo si jambo la mbali. Ndiyo maana fundi mwenye busara hutafuta kwanza namba ya kiwandani, ile iliyotolewa ndege ilipoundwa. Hiyo haihami. Aidha kila ndege hubeba bamba lisiloungua kwa moto, lenye herufi zake za usajili, ili hata ikiteketea ijulikane ilikuwa ipi.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu wenyewe. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya pamoja, lilikuwa na ndege tatu za Comet 4 zilizosajiliwa Kenya enzi za ukoloni: VP-KPJ, VP-KPK na VP-KRL. Baada ya uhuru ziligawanywa kwa uraia. Ya kwanza ikawa 5X-AAO ya Uganda, ya pili 5H-AAF ya Tanzania, ya tatu 5Y-AAA ya Kenya. Mwenyewe hakubadilika, bali kila nchi ilipata kuona herufi zake angani.

Ndipo zikaja Super VC10 tano, nazo zikagawanywa vivyo hivyo. Moja, 5X-UVA, iliteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 kati ya 107 waliokuwamo wakafa. Nne zilizosalia zilidumu hadi shirika lilipokufa mwaka 1977, na Tanzania ikaanzisha shirika lake mwaka huohuo. Ndege hizo kubwa hazikubaki kwetu. Zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na Jeshi la Anga la nchi hiyo, zikageuzwa kuwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150.

Mtanzania aliyepata kupanda 5H-MOG akienda masomoni Ulaya angeweza kupita kando yake miaka 20 baadaye asiitambue: rangi nyingine, viti vya abiria vimeondolewa, herufi za nchi yake zimefutwa. Ilikuwa ya mwisho kuundwa kati ya VC10 zote 54, na iliruka hadi Septemba 2013, ilipopelekwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza, kuhifadhiwa. Namba yake ya kiwandani ni 885, ileile iliyokuwa nayo ilipotua kwetu mara ya kwanza mwaka 1970.