Chipping Campden, mji uliojengwa kwa sufu

Chipping Campden ni mji mdogo wa gulio katika vilima vya Cotswold, kaunti ya Gloucestershire, Uingereza. Kazi yake imo katika jina lake: "chipping" ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya soko. Hata barabara kuu, High Street, ilipangwa kwa ajili ya biashara. Imepinda kidogo, na katikati imeachwa pana ili wauzaji wapate pa kutandaza bidhaa. Kando zake zimepangana nyumba za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali.

Utajiri wa mji ulitoka mgongoni mwa kondoo. Katika Zama za Kati, sufu ya Cotswold ilinunuliwa hadi Flanders na Italia. Mmoja wa waliotajirika ni William Grevel, aliyefariki mwaka 1401. Nyumba aliyoijenga mnamo 1380 ingali imesimama, na katika kanisa la Mtakatifu James kaburi lake lina bamba la shaba lililochorwa sura yake na ya mkewe.

Jengo linalowavuta wageni zaidi ni banda la soko, lililojengwa mwaka 1627 na Baptist Hicks, mfanyabiashara wa vitambaa wa London. Wengi hudhani liliuziwa sufu, kumbe lilikuwa la wauza siagi, jibini na kuku. Pande zake ni matao yanayopitisha upepo, paa limebebwa na boriti nene za mbao, na sakafu ya mawe ina mabonde yaliyochimbwa na nyayo za karne nne. Miaka ya 1940 banda lilipokaribia kuuzwa kwa mnunuzi wa Marekani, wenyeji walichanga fedha wakalinunua, kisha wakalikabidhi kwa National Trust, shirika la kuhifadhi mali za kale.

Biashara ya sufu ilipodorora, mji ulikosa fedha za kubomoa na kujenga upya. Ufukara huo ndio uliozinusuru nyumba za kale. Mwaka 1902 msanifu C. R. Ashbee alihamia hapa na mafundi wake kutoka mashariki ya London, wakafanya kazi za mbao na fedha. Chama chao kilivunjika baada ya miaka michache, lakini ufuaji fedha ulidumu hadi karne ya 21.

Kutoka kituo cha Paddington, London, treni huchukua kama saa moja na nusu hadi Moreton-in-Marsh, mji jirani wenye gulio kila Jumanne; kutoka hapo hupandwa basi. Wapenda kutembea huanzia Campden njia ya Cotswold Way, kilomita 164 hadi Bath. Asiye na nguvu hizo humtosha banda la soko: kuingia ni bure.