Kuchomelea Chuma kwa TIG: Kasoro za Ungio na Vyanzo Vyake
(Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza kwamba katika uchomeleaji wa TIG joto hutokana na tao la umeme, yaani mwali unaowaka kati ya ncha ya tungsteni na chuma kinachoungwa, huku gesi ya agoni ikikinga hewa isilifikie dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Njia hii, iliyobuniwa na Russell Meredith nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, haina dawa ya kunyonya uchafu kama ile inayopakwa kwenye vijiti vya kuchomelea. Kwa hiyo kasoro nyingi huzaliwa kabla mwali haujawashwa.

Katika Masasi na Newala, ambako uchumi hutegemea korosho, uchafu huo una sura mbili. Wa kwanza ni mafuta ya maganda, ambayo hugandamana na mashine za kubangulia na, yakiungua, hutoa gesi inayonaswa ndani ya chuma kinachoganda na kuacha vitundu. Wa pili ni salfa, unga unaopuliziwa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa ikikutana na chuma kilichoyeyuka huzaa salfaidi ya chuma, ambayo, ikichanganyika na chuma, hubaki majimaji hadi takriban nyuzi 988 za Selsiasi, ilhali chuma chenyewe huganda karibu na nyuzi 1,500. Hivyo ungio linaposinyaa, utando huo mwembamba ambao haujaganda huachana, na ufa hutokea katikati ya mshono. Fremu ya mashine ya kupulizia haina budi kuoshwa, kupanguswa kwa asetoni na kusagwa kwa grenda hadi ing'ae, sentimita 2 au 3 kila upande wa mshono, na waya wa kujazia nao upanguswe.

Vitundu vikiendelea kwenye chuma kisafi, chanzo hutafutwa kwenye gesi. Kwa kazi ya kawaida lita 7 hadi 12 kwa dakika hutosha. Kuizidisha huleta msukosuko unaovuta hewa ndani. Karakana zilizo wazi ukingoni mwa uwanda wa Makonde, juu ya bonde la Ruvuma, zahitaji kizuizi cha upepo, kwa kuwa hata upepo mdogo hupeperusha agoni. Gesi yenye kaboni dioksidi, inayotumika kwa njia nyingine ya kuchomelea, MIG, huiharibu tungsteni.

Mwali unaotangatanga huashiria ncha iliyogusa dimbwi, ambayo inapaswa kusagwa upya kwa kufuata urefu wake. Ncha inayofanya donge mara moja huashiria kwamba tochi inayoshika tungsteni imeunganishwa kwenye chanya badala ya hasi.

Fundi anayetaka uhakika huchomelea kwanza kipande kisafi cha chuma kile kile: kikitoka kizuri, kosa limo katika kazi yenyewe, kikitoka kibovu, limo katika gesi, tungsteni au mashine, na hapo hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ili chanzo halisi kijulikane.

Sehemu ya tatu itaeleza kupinda kwa mabati membamba.