Mashini ya Moyo: Tukubali ao Tukatae?

Tuseme ni baba yako. Ana miaka 68, ni mtu wa shamba, hajawahi kulala hospitali. Tangu miezi mitatu anaanguka. Anatoka chooni, anaanguka. Anasimama kanisani kuimba, anaanguka, na baada ya nusu dakika anafungua macho na kuuliza juu ya nini watu wanamtazama. Jirani amesema ni kifafa. Shangazi amesema ni sumu. Wewe umempeleka hospitali Butembo, munganga ameshika mkono wake, amehesabu, amehesabu tena, kisha akasema: "Moyo wa mzee unapiga mara 34 kwa dakika. Anahitaji pesimeka."

Jioni familia inakaa. Tuuze kiwanja ao hapana? Tukubali kuweka chuma ndani ya kifua cha mzee, ao tumwache na maombi na majani? Kila mtu anaongea, na mara nyingi yule anayeongea kwa nguvu ndiye hajui kitu. Ni kwa ajili ya kikao cha namna hiyo tunaandika ukurasa huu.

Moyo una umeme wake

Moyo haungoji amri ya kichwa ili upige. Juu yake, upande wa kuume, kuna fasi ndogo inayotoa umeme kidogo, na umeme huo unashuka kwa njia yake mpaka vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Kijana anayecheza mpira ao anayechimba kila siku anaweza kuwa na 50 na akawa mzima kabisa. Huyo asitishwe na mtu.

Shida inakuja njia ile ikikatika. Fikiria barabara ya Butembo–Manguredjipa wakati wa mvua: juu magari yapo tayari, chini hakuna kinachofika. Vyumba vya chini, vikikosa amri, vinaanza kujipigia vyenyewe, polepole, mara 30 ao 40. Saa nyingine vinasimama kabisa kwa sekunde kadhaa. Damu haifiki kichwani, na mtu anaanguka. Anaweza hata kutetemeka, na ndiyo maana watu wanasema kifafa. Basi wewe kijana, baba akianguka usikimbilie kumwagia maji tu. Shika mkono wake chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima, andika. Karatasi hiyo ndogo itamsaidia munganga kuliko hadithi zote za jirani.

Pesimeka ni kasha dogo lenye betri, uzito wake ni gramu 20 mpaka 50 hivi. Waganga waliosoma Kifaransa huliita "pile", yaani jiwe la tochi. Linawekwa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa bega, na waya unapita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Moyo ukichelewa, linatoa umeme kidogo. Moyo ukipiga wenyewe, linanyamaza. Hawapasui kifua. Wanaua ganzi pale pale tu, mgonjwa yuko macho, na kwa kawaida kazi inachukua saa moja hivi.

Mtu wa kwanza

Mtu wa kwanza kuwekewa alikuwa Arne Larsson, wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa na miaka 43 na alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja. Mke wake ndiye aliyewasumbua munganga Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho hakikuwa tayari. Kasha lenyewe Elmqvist alilimimina ndani ya kopo la rangi ya viatu ya Kiwi, lile lile unalolijua. Mashini ya kwanza ilikufa baada ya masaa machache. Wakaweka nyingine. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa mashini zaidi ya 20, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa kansa, si kwa moyo. Aliwazika wote wawili, munganga na mhandisi.

Kabla ya hapo, mtu aliyekuwa na njia iliyokatika kabisa na aliyekuwa akianguka, karibu nusu ya wenzake hawakumaliza mwaka mmoja. Hesabu hiyo ndiyo inayokaa nasi mezani kwenye kikao, hata kama hakuna anayeitaja.

Kwanza ujue ni ugonjwa gani

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza feza. Zinasikia "moyo haupigi vizuri" na mara moja zinatafuta mnunuzi wa kiwanja. Lakini si kila moyo unaoyumba unahitaji pesimeka. Kuna moyo unaokimbia na kupiga ovyo ovyo bila mpango. Huo mara nyingi unatibiwa kwa dawa za kuupunguza mwendo na dawa za kuzuia damu isigande, ili mtu asipate kupooza upande mmoja. Kuna msichana ambaye moyo wake umeharibika kwa sababu ya ugonjwa wa koo usiotibiwa utotoni. Shida yake iko kwenye milango ya moyo, na betri haitengenezi mlango.

Tena kuna moyo wa polepole wenye sababu inayoweza kuondolewa. Dawa nyingine za presha na za moyo zinapunguza mapigo. Mzee akimeza za munganga na tena za duka la dawa la pale sokoni, anaweza kufika 38 bila njia kukatika. Figo zikichoka, chumvi fulani inapanda katika damu na kuufunga moyo. Tezi ya shingo ikilala, moyo unalala nao. Hata homa ya tifoidi, ambayo tunaijua sana, inaweza kupunguza mapigo. Kwa hiyo chukua dawa zote za mzee, na zile za kienyeji pia, weka ndani ya mfuko, mwaga mbele ya munganga. Usione haya.

Kinachoonyesha ukweli ni elektrokadiogramu, ile karatasi yenye mistari. Anzia kwenye hospitali kubwa za kwetu: Matanda, Kitatumba, Katwa, kliniki za Université Catholique du Graben, ao hospitali kuu ya Beni; uliza ni wapi mashini inafanya kazi siku hiyo. Omba nakala ya karatasi. Mistari ile inasomwa namna moja Butembo, Kampala na Paris, na unaweza kuipiga picha kwa simu na kuituma kwa mtaalamu kabla hujapanda gari. Uliza swali moja wazi: "Njia imekatika kabisa, na kuna dawa yoyote inayoweza kuirudisha?" Kama jibu ni kwamba imekatika, hakuna sababu ya kuondoa, na mzee anaanguka, basi hakuna kidonge kitakachochukua fasi ya pesimeka. Hapo sisi tunasema wazi: msingoje mavuno yajayo.

Maneno ya kikao

"Na hiyo mashini hatakufa, roho itabaki imefungwa." Hapana. Mtu akifikia mwisho wake, nyama ya moyo haisikii tena umeme, hata betri ikiendelea kutoa. Pesimeka haimzuii mtu kufa. Inazuia kufa kwa sababu ya moyo kusahau kupiga.

"Ni kitu cha wazungu." Kwa sehemu tu. Waya unaoingia moyoni, katika aina nyingi, ni mchanganyiko ambamo kobalti ni karibu asilimia 35, na kobalti nyingi ya dunia inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Ndani ya kasha kunakuwa na vipande vya tantali, ile inayotolewa katika koltani ambayo ninyi mnaichekecha. Jiwe linatoka kwetu kwa bei ya chumvi na linarudi kwa bei ya nyumba. Lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.

Uvumi tusiuchezee. Februari 2019, wakati wa Ebola, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa, na tarehe 19 Aprili mwaka ule ule munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi pale kliniki za Graben. Maneno ya barabarani yalikuwa yametangulia.

Feza na njia

Utafiti wa chama cha waganga wa moyo wa Afrika, uliohusu nchi 31 kati ya 2011 na 2016, ulikuta nchi ya katikati inaweka pesimeka karibu 2 ao 3 tu kwa kila watu milioni moja, mara 200 chini ya Ulaya. Nchi tano hazikuwa na huduma hiyo kabisa. Kwa hiyo ukisikia kwamba ni safari, ni safari kweli.

Zamani mgonjwa mwenye uwezo alielekea kusini, Goma. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa sita 2024, na Goma yenyewe mwezi wa kwanza 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Kwa hiyo macho yamegeukia mashariki: Butembo mpaka Beni ni kilometa zaidi ya 50, Beni mpaka Kasindi kama 80, kisha Mpondwe, Kasese na Kampala, ambako Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, inaweka pesimeka. Kabla ya safari ulizeni hali ya usalama siku hiyo hiyo, si ya juma lililopita.

Bei? Ukijumlisha kifaa, kitanda, gari na mtu wa kumsindikiza mzee, hesabu kwa maelfu ya dolari. Lakini kuna swali ambalo watu hawaulizi: waya mmoja ao mbili? Mashini ya waya mbili ni ghali zaidi. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2005, kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na zaidi ambao njia yao ilikatika, ulionyesha kwamba katika miaka mitano ya kwanza waya mmoja na waya mbili havikutofautiana kwa vifo. Kuna wagonjwa ambao mbili zinawafaa zaidi, munganga atawaambia. Lakini msiuze kiwanja cha pili kwa kuona haya ya kuomba ya bei ndogo.

Ulizeni pia juu ya mashini zilizotumika. Marekani watu wengi huchomwa baada ya kufa, na betri ikichomwa hulipuka, kwa hiyo inatolewa kwanza. Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikizisafisha na kuzipima upya. Matokeo yaliyotangazwa mwezi wa 11 mwaka 2024, kwa karibu wagonjwa 300 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, yalionyesha kwamba hazikuwa mbaya kuliko mpya.

Akisharudi nyumbani

Kwa majuma manne mpaka sita mkono wa upande ule usiinuliwe juu ya bega: hakuna jembe, hakuna mfuko wa mchanga, hakuna kuvuta kamba ya shimo. Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu ao kutoa maji, ni hospitali siku ile ile, si kukipaka kitu. Mwenye kazi ya kuchomelea vyuma aulize kwanza waliomwekea. Jenereta inayonguruma, hapana kuiinamia. Simu isikae katika mfuko wa shati upande ule. Na ninyi mnaotafuta dhahabu kwa chombo kinacholia: sahani yake isikaribie kifua cha mwenye pesimeka.

Atapewa kadi yenye jina la kifaa na namba yake. Bila kadi, munganga mwingine hajui atumie mashini gani kuongea na ile iliyo kifuani, kwa sababu kila kampuni ina yake. Kipimo cha kwanza ni baada ya mwezi mmoja hivi, kisha kila miezi sita ao mwaka. Betri inakaa miaka 6 mpaka 15 kufuatana na aina, na ikikaribia kwisha wanabadilisha kasha tu, waya mara nyingi unabaki. Kwa hiyo siku ya kikao, wekeni kando kwanza feza ya kurudi Kampala mara mbili katika mwaka wa kwanza, halafu ndipo mhesabu ile iliyobaki.