Gari kuukuu la kikundi: kulitunza, kulitengeneza na kulikatia bima

Katika vijiji vyetu gari jipya ni nadra. Kikundi cha wakulima au chama cha msingi kikipata fedha baada ya mavuno, hununua Canter au pikapu iliyokwisha tumika miaka kumi na tano au ishirini, na pengine imekwisha pita mikononi mwa watu watatu mjini. Si vibaya. Gari kuukuu laweza kubeba mahindi na wagonjwa kwa miaka mingi. Lakini linataka kuangaliwa kila siku. Ukilisahau wiki moja, litakulaza porini na magunia yako.

Jambo la kwanza ni la watu, spana zitafuata. Gari la watu wote mara nyingi huwa halina mwenyewe. Leo anaendesha huyu, kesho mpwa wa katibu. Ukiuliza nani alitia oili, kila mtu anamtazama mwenzake. Basi chagueni dereva mmoja mwenye leseni ya daraja la gari hilo, na mtu mmoja wa kutunza daftari. Majina yao yaandikwe. Tutaona huko mbele kwamba hata bima yategemea jambo hili.

KABLA YA KUWASHA

Asubuhi dereva ainame kwanza atazame chini ya gari. Kuna tone? Oili ni nyeusi na yateleza. Maji ni maji tu. Mafuta ya breki ni mepesi, na mara nyingi huonekana upande wa ndani wa gurudumu. Ukiyaona hayo ya breki, gari lisiondoke, hata kama mgeni rasmi anangoja.

Kisha achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute, akirudishe, akichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, injini inasagika. Ikizidi, pia si vizuri. Oili ikiwa na rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Hapo usiwashe, mwite fundi.

Maji ya rejeta yatazamwe injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, maana mvuke hutoka kwa nguvu na kuunguza uso na mikono. Maji yanayofaa ni yale ya dukani yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Ukiyakosa, tumia maji safi ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani ya rejeta, kama ule wa ndani ya birika, na gari huanza kuchemka kila mlima.

Kwa barabara zetu za vumbi, angalieni sana chujio la hewa. Likijaa vumbi, injini inakosa hewa, inatoa moshi mweusi na kula mafuta mengi. Likitoboka ni balaa zaidi, kwa sababu vumbi linaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa. Likung'uteni kila wiki wakati wa kiangazi, na likichanika nunueni jingine.

Tumetaja moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, mara nyingi ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi tumekwisha usema. Dereva anayejua moshi anamwambia fundi kitu cha maana, badala ya kusema tu "gari linaumwa".

BREKI, TAIRI NA MZIGO

Pedeli ya breki ikizama hadi chini, au ikikubali tu baada ya kukanyagwa mara mbili, gari hilo ni bovu. Wako madereva ambao mafuta ya breki yakiisha njiani hutia maji ya sabuni. Wengine hutia oili ya injini. Yote mawili ni hatari. Maji huchemka breki zikipata moto mteremkoni, na pedeli inakuwa tupu. Oili ya injini huvimbisha raba za breki na kuziharibu. Chupa moja ndogo ya mafuta halisi ya breki ikae ndani ya gari siku zote.

Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri lakini raba yake imezeeka. Nyinyi mnaosoma sasa mnaweza kulijua umri wake. Ubavuni mwa tairi tafuteni maandishi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa ni 2312, basi tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi lililopita miaka kumi lisinunuliwe, hata muuzaji akiapa.

Sasa mzigo. Ubavuni mwa lori pameandikwa uzito wa gari tupu, na uzito wa mwisho likiwa na mzigo. Toa ule mdogo kwenye mkubwa. Tuseme gari tupu ni kilo 2,300 na uzito wa mwisho ni kilo 4,300. Zinabaki kilo 2,000. Dereva na utingo wake ni kama kilo 150. Zinabaki 1,850, yaani magunia 18 ya kilo 100. Wengi hupakia 30 na kukaa juu yake! Na kama magunia yenyewe ni ya lumbesa, hesabu yote imeharibika. Springi hukatika, breki hushindwa, na tairi hupasuka.

NYAYA NA MOTO

Gari kuukuu huungua mara nyingi kwa sababu ya nyaya. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ukatike umeme ukizidi. Fyuzi ikikatika, watu huweka waya mnene, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na kusema eti gari limepona. Sasa umeme ukizidi, kinachowaka ni nyaya zenyewe. Wekeni fyuzi ya namba ile ile iliyokuwapo. Ikikatika tena, tafuteni waya uliochubuka. Kizima moto kiwe karibu na dereva, wala kisifungiwe nyuma chini ya magunia.

DAFTARI NA FUNDI

Nunueni daftari moja gumu. Chora safu tano: tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, kipuri, na fedha. Oili ya injini na chujio lake vikibadilishwa, andika. Kitabu cha gari kikisema kilometa 5,000, basi kwenye vumbi na milima ni busara kubadili mapema kidogo. Kupaka grisi springi na maungio ya propela, andika pia. Daftari hili litawaonyesha kama gari linakula zaidi ya linavyoingiza. Mkijumlisha matengenezo ya mwaka mmoja mkaona yanakaribia bei ya gari lenyewe, liuzeni lingali linatembea.

Fundi msimpe fedha zote mwanzoni. Mpeni za vipuri, na ufundi alipwe kazi ikiisha na gari likijaribiwa. Kila kipuri cha zamani kirudi kwenu mkione. Fundi mwaminifu hatakasirika. Injini ya dizeli ikizimika kwa sababu mafuta yaliisha, kwanza itolewe hewa kwa pampu ya mkono. Kazi hiyo dereva aijue mwenyewe, kwani wengine hutozwa fedha nyingi kwa kazi ya dakika kumi.

BIMA: NDOGO AU KUBWA?

Huku kwetu Tanzania ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017. Kuna watu waliosikia hivyo wakadhani na bima imeondolewa. Sivyo. Sheria inakataza kuendesha gari barabarani bila bima, walau ile ndogo.

Bima ndogo ni ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule uliyemgonga. Gari lenu likimvunja mguu mwendesha baiskeli, kampuni ndiyo inayomlipa. Gari lenu lenyewe halilipwi kitu. Bila bima, mwenye gari atadaiwa mwenyewe, na fidia ya mtu aliyekufa au kulemaa yaweza kumaliza ng'ombe na shamba. Kwa kikundi, ni akiba ya wanachama wote.

Bima kubwa hulipa mtu wa tatu na pia gari lenu likigongwa, likiibiwa au likiungua. Ada yake hukatwa kwa thamani ya gari. Tuseme ni shilingi 4 kwa kila 100. Gari la shilingi 12,000,000 litalipiwa 480,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Ili ada ipungue, wanasema gari lao ni la 6,000,000. Likipata ajali na matengenezo yakawa 3,000,000, kampuni hutazama: mlikata bima ya nusu ya thamani, basi mtalipwa nusu, yaani 1,500,000. Tena hutolewa kile kiasi ambacho hati inasema mwenye gari ajilipie mwenyewe. Tuseme ni 300,000. Mnapata 1,200,000. Iliyobaki, 1,800,000, mnaitafuta wenyewe. Kuzidisha thamani nako hakuna faida, maana hamtalipwa zaidi ya bei ya gari sokoni siku ya ajali.

Je, gari kuukuu likatiwe ipi? Kampuni nyingi hazipendi kutoa bima kubwa kwa magari ya miaka mingi, au hutaka kulikagua kwanza. Kwa maoni yangu, gari ambalo likiungua leo kikundi kitavunjika, litafutiwe bima kubwa. Gari la milioni mbili tatu likatiwe bima ndogo, na zile fedha za ziada ziwekwe benki kila mwaka kwa jina la gari.

Bima hailipi uchakavu. Injini ikikwama kwa kukosa oili, hiyo ni juu yenu. Na kama breki zilijulikana kuwa mbovu na gari likaendelea kwenda, kampuni yaweza kukataa kutengeneza gari lenu. Kwa hiyo lile daftari ni ushahidi pia.

Hati ya bima mara nyingi huandikwa Kiingereza. Msione haya kumwambia wakala awasomee kwa Kiswahili neno kwa neno. Tazameni namba ya gari, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani anaruhusiwa kuendesha, na matumizi. Matumizi ndiyo yenye mtego. Gari lililokatiwa bima ya binafsi, kisha likapakia watu kwa nauli siku ya gulio, linaweza kukosa fidia. Ulizeni wazi: abiria wamo? mzigo umo? Mkiisha lipa, msikubali risiti ya mkono peke yake. Kumbukumbu za bima zinaweza kuangaliwa kwa namba ya gari katika mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kuwasaidia. Bima isiyoonekana humo, wakala aulizwe siku hiyo hiyo.

IKITOKEA AJALI

Dereva asimame na kuwasaidia walioumia. Akihofia kupigwa, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Majeruhi awahishwe hospitali, na fomu ya polisi PF 3 ishughulikiwe. Andikeni saa, mahali, namba za magari na majina ya mashahidi. Msiahidi hapo barabarani kulipa chochote, wala msiandikiane mapatano, kwani hati nyingi za bima zinakataza. Kampuni ijulishwe upesi, na gari lisiguswe na fundi mpaka mkaguzi wao alione.

Kampuni ikichelewa au kukataa bila sababu ya kueleweka, kwanza iandikieni barua na kubaki na nakala. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo iliwekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na mlalamikaji halipi ada.

Jambo moja bado, hasa kwa walionunua gari kwa mkono. Kadi ya gari ikibaki na jina la mwenye zamani, na bima yake ikawa bado haijaisha, msidhani bima hiyo imekuwa yenu pamoja na gari. Nendeni na mkataba wa mauzo ofisi ya TRA mbadilishe jina, kisha kampuni ya bima iandike jina jipya kwenye hati, kabla gunia la kwanza halijapakiwa.