Saratani ya Mlango wa Kizazi: Tusisubiri Maumivu

Katika wilaya ya Same kuna kata iitwayo Kisiwani, ingawa bahari iko mbali na milima ya Upare imesimama kando yake. Jina hilo linafaa kutufikirisha sisi akina mama. Mwanamke wa Pemba akiugua saratani huvuka maji kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Mwanamke wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, huteremka mlima hadi Same mjini, kisha hupanda basi kwenda Moshi. Kila mmoja anaishi kisiwani kwa namna yake. Hospitali kubwa iko ng'ambo, na safari inataka nauli, siku kadhaa, na mtu wa kubaki na watoto.

Ndiyo maana wengi wetu hungoja mpaka maumivu yatulazimishe. Lakini kwa ugonjwa tutakaouzungumzia hapa, kungoja maumivu ni kuchelewa.

UGONJWA WENYEWE

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wengi huiita kansa ya kizazi, inaua wanawake wengi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba zaidi ya wanawake 10,000 waliugua, na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi wao ni akina mama ambao bado wana watoto wa kusomesha.

Karibu kila mara chanzo chake ni kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenea kwa njia ya kujamiiana. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aligundua uhusiano huo miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kirusi hiki ni cha kawaida sana, na miili ya watu wengi hukiondoa bila dawa. Kwa wachache hakiondoki. Hukaa kimya na kuharibu polepole chembe za mlango wa kizazi. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hapati matibabu, miaka hiyo inaweza kuwa 5 hadi 10 tu.

Hapa, mama mwenzangu, tuseme wazi jambo linalowazuia wengi kwenda kupimwa. Wanaogopa majibu yataleta maneno nyumbani. Kumbuka kwamba kirusi kilichoonekana leo kinaweza kuwa kiliingia mwilini miaka mingi iliyopita, hata kabla ya ndoa. Majibu hayo si ushahidi kwamba mke si mwaminifu, wala kwamba mume si mwaminifu. Mume na mke wakilijua hilo mapema, kipimo hakitageuka kuwa kesi.

KAZI ILIYOFANYWA KWA USHIRIKIANO

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unaweza kuzuiwa, na majirani zetu kadhaa wameshika kazi hiyo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011. Tanzania ilianza kwa majaribio mwaka 2014, na mkoa uliochaguliwa ulikuwa huu wetu wa Kilimanjaro. Uganda ilianza nchi nzima mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019.

Zamani msichana alihitaji dozi zaidi ya moja, na wengi hawakurudi kumalizia. Watafiti wa Kenya na wa Tanzania wakauliza kama dozi moja ingetosha. Nchini Kenya walishiriki vijana wa kike 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Mwanza walishiriki wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Majibu ya pande zote mbili yalionyesha kwamba dozi moja inakinga vizuri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike, na Aprili 2024 Tanzania ikaanza kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Hivyo mabinti zetu wanakingwa leo kwa sababu mabinti wa Kenya na wa Mwanza walikubali kushiriki katika utafiti huo.

Kwa upande wa matibabu, Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyofanywa taasisi ya saratani kwa sheria mwaka 1996, imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa Bara na wa Visiwani. Hospitali ya KCMC Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya uangalizi wa makanisa, ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2016, kwa msaada wa marafiki wa Marekani. Kwa mama wa Same hilo ni jambo kubwa, maana Moshi ni kama kilomita 100 tu.

UJUMBE WA SIMU HAUKUTOSHA

Pamoja na hayo yote, pengo limebaki. Watafiti wa KCMC, Ocean Road na Denmark waliwafuatilia wanawake wapatao 700 wa Dar es Salaam na Kilimanjaro ambao kipimo kilionyesha wana kirusi cha HPV. Waliombwa warudi baada ya miezi 14 kuangaliwa tena. Nusu yao walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwafundisha na kuwakumbusha, nusu nyingine hawakutumiwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalisikitisha. Katika kila wanawake 100 waliotumiwa ujumbe walirudi 24 tu, na waliokosa ujumbe walirudi vilevile.

Ujumbe wa simu haubebi mtoto, haulipi nauli, wala haumshiki mtu mkono akiwa na hofu. Kazi hiyo ni ya dada, jirani, wifi na mume.

UCHUNGUZI UKOJE?

Wengi huogopa kwa kuwa hawajui watakachofanyiwa. Mara nyingi mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, kisha huangalia kwa macho kwa dakika chache. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka kuwa nyeupe. Mabadiliko yakiwa madogo, yanaweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, na pengine siku hiyohiyo. Hulazwi, na kizazi hakiondolewi. Kuna pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe. Katika kipimo hicho, mahali kinapopatikana, mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe.

Wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio hasa wanaoshauriwa kupimwa, hata kama hawana dalili yoyote. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze mapema zaidi na apimwe mara nyingi zaidi.

DALILI ZA KUTOZIPUUZA

Injili inamtaja mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga, na hata alipokuja kutafuta msaada alikuja kwa kujificha. Wapo dada zetu wanaojificha hivyo mpaka leo. Usikae kimya ukiona haya:

- Damu baada ya kukutana na mumeo, au katikati ya hedhi mbili.
- Damu kurudi baada ya kukoma hedhi, hata kama ni tone.
- Uchafu ukeni wenye harufu mbaya usiokoma.
- Maumivu ya kiuno na chini ya tumbo yasiyoisha, au mguu kuvimba.

Si kila mwenye dalili hizi ana saratani, lakini kila mwenye dalili hizi anapaswa kuonwa na mhudumu wa afya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mpeleke binti yako akachanjwe. Wako wanaosema chanjo hiyo inafunga uzazi. Si kweli. Chanjo haina kirusi kilicho hai, na haigusi kizazi. Kinachowanyang'anya wanawake uwezo wa kuzaa ni ugonjwa wenyewe, kwa kuwa matibabu yake mara nyingi hudai kizazi kiondolewe au kipigwe mionzi. Akiwa mtu mzima naye atahitaji kupimwa, kwa maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Pili, mwambie mumeo kabla ya kwenda. Jioni mkiwa mnakula makande yenu, mweleze kwa upole kipimo ni nini. Mume aliyeelezwa mapema ndiye atakayetoa nauli na kuwaangalia watoto.

Tatu, msiende mmoja mmoja. Akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kupatana siku, wakauliza kwanza zahanati au kituo cha afya huduma hiyo hutolewa wapi na lini, kisha wakaenda pamoja. Anayeambiwa arudi, mmoja wetu apewe jukumu la kumkumbusha na kumsindikiza. Akipewa rufaa ya Moshi, asiachwe aende peke yake.

Nne, vikundi vyetu vya kanisani na vya kuweka na kukopa vitenge mfuko mdogo wa nauli. Mauzo ya tangawizi yakiwa mazuri, kila mmoja atoe kidogo. Sisi Wapare tukipata msiba tunachanga kwa siku moja fedha za jeneza na za kulisha waombolezaji. Basi tuchange pia nauli ya mwenzetu wakati angali hai na ugonjwa wake bado unatibika.

Mpenzi msomaji, kama una miaka 30 au zaidi na hujawahi kupimwa, taja siku utakayokwenda, na umtaje dada mmoja utakayekwenda naye. Mwambie leo.