"Theluji haijatosha": Tumwelezeje mama wa Mogogosiek?

Majuzi, Novemba ikielekea ukingoni, nilipigiwa simu na kijana niliyemfundisha Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Bomet. Siku hizi yuko Austria, katika mji mdogo chini ya milima ya Alps, alikokwenda kufanya kazi ya msimu katika hoteli ya watalii. Baada ya salamu aliniomba jambo ambalo sijawahi kuombwa katika miaka yangu yote ya ualimu. "Mwalimu, tafadhali nenda umweleze mama kwa nini sijalipwa. Mimi nimeshindwa."

Kisa chenyewe ni hiki. Mkataba wake unasema mshahara utaanza kuhesabiwa siku ambayo mlima utafunguliwa kwa wageni. Mlima haujafunguliwa kwa sababu theluji iliyoanguka ni haba. Naye mamake, mkulima wa chai kule Mogogosiek, alichukua mkopo wa nauli katika chama cha akiba, na malipo ya kwanza yanadaiwa Desemba. Kijana alimwandikia ujumbe: "Mama, hatujaanza kazi, barafu haijatosha kuteleza." Mama aliusoma mara tatu akahitimisha kwamba mwanawe amepotoka. Nani, jamani, hulipwa kwa kuteleza? Hapa kwetu mvua ikinyesha kila mtu huteleza bure, kutoka langoni kwake hadi kituo cha kupimia majani.

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekwa. Ujumbe ule ulikuwa na makosa mawili, na si ya kijana huyo peke yake. Tunayasikia kila siku kwa watangazaji wa michezo, na mimi mwenyewe nimeyafanya darasani.

Kosa la kwanza ni neno barafu. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa maji yaliyoganda, ila sisi tumeyatia yote kapu moja. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, kama yale ya kwenye friji. Theluji ni fuwele ndogo ndogo zinazojiunda mawinguni na kushuka polepole, nyepesi kama sufu. Mvua ya mawe ni vidonge vya barafu vinavyorushwa juu na chini ndani ya wingu la radi, vikiongezeka unene hadi uzito uviangushe. Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, haianguki kutoka popote: hujiunda papo hapo juu ya jani wakati wa usiku, jani linapopoa kupita kiwango cha maji kuganda.

Asili ya maneno haya nayo inafurahisha. Barafu tumelipata kutoka Kiajemi, ambako barf ni theluji, wala si barafu. Mwajemi barafu huiita yakh. Theluji tumeitoa Kiarabu, ambako thalj hubeba maana zote mbili. Yaani maneno yote mawili yalitufikia yakiwa na maana ya theluji ndani yake, na watu wa pwani, ambao hawakuwa na theluji, wakayagawia kazi upya.

Tena haikuwa kazi rahisi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alimwuliza kiongozi wake ule ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Alijibu tu kwamba ni "baridi". Mimi namheshimu sana mtu yule. Hakubuni, hakusema ni chumvi wala ni wingu. Alitaja sifa aliyokuwa na hakika nayo. Huko London mabwana waliokuwa na neno lenyewe katika lugha yao walikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Miaka 160 baadaye tulikuwa tungali tunababaika. Septemba 2008 wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, walikuta kilima kimefunikwa na weupe. Wakatoka kuushika, na habari zikaenea duniani kwamba Kenya imepata theluji. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe, vidonge vidogo vilivyorundikana na kushikamana. Katika nyanda za chai za Kericho na Nandi jambo hilo halimshangazi mtu. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima, hukutana na upepo wa mashariki, na kufikia alasiri wingu limesimama kama mnara. Eneo hili hutajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe siku nyingi zaidi kwa mwaka. Katika miaka ya 1960 mashamba ya chai yalifikia hatua ya kurusha roketi mawinguni ili kuivunja.

Kosa la pili ni kuteleza. Kwa Kiswahili, anayeteleza hakukusudia. Ndiyo maana twasema kuteleza si kuanguka, tukimfariji mtu aliyekosea. Mchezo wa skii si hivyo. Mchezaji hufunga miguuni vipande viwili virefu vyembamba, akajiachilia kwa hiari kwenye mteremko huku akikata kona kushoto na kulia. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo hasa, nacho ni kuserereka. Watoto wa hapa hukaa juu ya kipande cha mtungi wa plastiki wakaserereka kwenye nyasi zenye umande. Hakuna anayesema wameteleza.

Nakiri kitenzi hicho hakitoshi kwa kila aina ya skii. Philip Boit, mwanariadha wa Eldoret aliyekuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano mwaka 1998, hakuserereka mlimani. Alishindana katika kilomita 10 za nyika, ambako mtu husukuma mwendo kwa miguu na fimbo, kupanda na kushuka. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye utepe amkumbatie. Ukisema Boit "aliteleza" Nagano, umemtukana bila kukusudia.

Basi Jumamosi nikapanda matatu hadi Mogogosiek. Nilimkuta mama ameketi nje, ameshatoka kuchuna. "Chamgei, mama," nikamwamkia, naye akaniletea mursik kabla hajauliza lolote. Tulizungumza Kikipsigis, ila maneno yenyewe niliyaacha katika Kiswahili. Nilipotamka sakitu alinikatiza: "Ile iliyofananishwa na mana, katika Kutoka?" Ndiyo hiyo. Kumbe neno alikuwa nalo miaka yote, katika Biblia yake, ila hakujua kwamba ndilo jina la kile anachokiita frosti, kinachounguza chai yake Januari.

Hapo nikapata pa kuanzia. Nilimwuliza ni usiku gani anaouogopa. Akanijibu bila kufikiri: usiku wa kiangazi, mbingu ni nyeupe kwa nyota, hakuna upepo, hewa ni kavu. Asubuhi majani ya bondeni yamekuwa kahawia kana kwamba yamepitiwa na moto. Nikamwambia kwamba usiku wa namna hiyo ndio mwajiri wa mwanawe anaouombea mwanzoni mwa msimu. Akaniangalia.

Mwanzo wa msimu kule ni kama mwanzo wa mvua huku. Theluji ya kwanza huanguka juu ya ardhi ambayo bado ina joto la miezi iliyopita, na sehemu yake huyeyuka. Kileleni inaweza kukaa, lakini huku chini nyasi na mawe bado yanachungulia, na anayeserereka juu ya jiwe huvunjika mguu. Kwa hiyo wenye mlima hungoja hadi tabaka liwe nene, lishindiliwe na mashine, ndipo wafungue njia moja au mbili za juu, na nyingine baadaye. Mbingu zikichelewa, wanazo mashine za kutengeneza theluji: hurusha maji hewani kwa nguvu yakiwa matone madogo sana, nayo huganda kabla hayajatua. Lakini mashine hizo hazifui dafu kwenye joto. Hewa sharti iwe imeshuka chini ya sifuri, nyuzi mbili hivi kama ni kavu. Ikiwa na unyevu, sharti ishuke zaidi. Mawingu na joto vikitanda juma zima, mashine hukaa kimya na vijana kama wake hukaa bila mshahara.

"Kwa hiyo hasemi uongo," mama akasema. Hakuwa akiuliza.

Nilimwambia la, ila pia sikumficha kwamba mkataba unaomwachia mfanyakazi hasara yote ya hali ya hewa ni mkataba mbaya. Akatikisa kichwa. Yeye hungoja bonasi ya majani mwaka mzima, alisema, lakini angalau majani yaliyopimwa hulipwa kitu mwisho wa mwezi. Kisha akaniambia atakwenda Jumatatu kwenye chama kuomba wamsogezee malipo hadi Januari, na akataka nimwandikie sababu kwenye karatasi. Niliandika: theluji ya msimu bado ni haba. Aliisoma, akanirudishia kalamu niongeze kwamba si barafu.

Nikiwa langoni aliniita tena. Alitaka kujua kama hiyo theluji ikikaa miezi minne juu ya nyasi za watu haiziunguzi kama sakitu. Nilimweleza kwamba huwa kinyume: theluji imejaa hewa ndani, hivyo hulifunika shamba kama blanketi, na ngano iliyolala chini yake huokoka baridi ambayo ingeiua ikiwa wazi.

"Na chai?" akauliza.